Jiko la Umma na Mafuriko ya Punjab

Yapo mambo katika utamaduni wa watu ambayo thamani yake haionekani siku za neema. Ghala huthaminiwa njaa iingiapo, na mtumbwi huthaminiwa maji yafurikapo. Katika makala haya tumekusudia kueleza historia ya desturi moja ya namna hiyo, nayo ni jiko la umma la Makalasinga wa Punjab, na jinsi lilivyotumika kuwaokoa wakulima waliokumbwa na mafuriko na kuwasaidia kusimama tena. Hatukuichagua habari hii kwa ajili ya ajabu yake tu. Kila nchi yenye mito mikubwa na wakulima wengi hukabiliwa na swali lile lile: mtu aliyepoteza chakula, mifugo na shamba kwa usiku mmoja asaidiwe vipi hata asigeuke kuwa ombaomba?

Jina la Kalasinga si geni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1896 na 1901, Waingereza walipojenga reli kutoka Mombasa hadi ziwa Viktoria, walileta vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na wengi wao walitoka Punjab. Miongoni mwao walikuwamo hawa wavaao vilemba na wasionyoa ndevu, mafundi seremala na wahunzi hodari. Pale Makindu, katika njia ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, lipo hekalu lao lililojengwa mwaka 1926, ambapo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo. Huenda baadhi ya waliokula pale wakadhani kwamba huo ni ukarimu wa hekalu lile peke yake. Sivyo. Jiko la Makindu ni tawi moja la mti mkubwa, na mizizi ya mti huo imo kandokando ya mito ya Punjab.

Chimbuko la Jiko

Makalasinga wenyewe hujiita Sikh, neno ambalo maana yake ni mwanafunzi. Viongozi wao kumi wa kwanza waliitwa Guru, yaani mwalimu. Wa kwanza alikuwa Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 na kufariki mwaka 1539. Masimulizi ya wafuasi wake yaeleza kwamba alipokuwa kijana, baba yake alimpa rupia 20 akafanye biashara yenye faida. Njiani Nanak akakutana na watu waliokuwa na njaa, akazitumia fedha zote kuwalisha, kisha akarudi nyumbani kusema kwamba hakuona biashara yenye faida kuliko ile. Baba mtu hakupendezwa, lakini habari hiyo imebaki kuwa somo la kwanza katika elimu ya kila mtoto wa Kikalasinga.

Baada ya safari ndefu Nanak hakujitenga mlimani kama walivyofanya watawa wengi wa zama zake. Alikaa Kartarpur, ukingoni mwa mto Ravi, akashika jembe na kulima kama mkulima mwingine yeyote. Alifundisha mambo matatu: kumkumbuka Mungu, kuishi kwa jasho lako, na kugawana na wenzako ulichokipata. Yafaa tuzingatie mpangilio huo. Kugawana hakukuwa badala ya kufanya kazi, kwa kuwa mtu alitakiwa kwanza avune ndipo agawe. Mazao ya shamba la Kartarpur yaliingia katika jiko moja, na kila aliyefika alikula hapo. Jiko hilo huitwa langari.

Langari lilipata nguvu zaidi chini ya waalimu waliofuata. Mata Khivi, mke wa Guru wa pili, ndiye aliyelisimamia jiko kwa miaka mingi, na jina lake limo katika kitabu kitakatifu cha Makalasinga kwa sababu ya kazi hiyo. Guru wa tatu, Amar Das, aliyeongoza kuanzia mwaka 1552 hadi 1574 huko Goindwal, ukingoni mwa mto Beas, aliweka sharti kwamba atakaye kuonana naye hana budi kwanza aketi chini katika safu na kula pamoja na watu wote. Masimulizi yaeleza kwamba hata mfalme Akbar alipokwenda kumtembelea aliketi katika safu hiyo.

Ili kuielewa maana ya sharti hilo, tukumbuke hali ya India ya zama zile. Jamii iligawanywa kwa matabaka ya kuzaliwa, na mtu wa tabaka la juu hakuthubutu kula pamoja na wa tabaka la chini, wala kupokea maji mikononi mwake. Kuketi katika safu moja, sakafuni, bila kiti cha heshima, na kula chakula kile kile, kulikuwa kuuvunja utaratibu huo hadharani. Hata leo chakula cha langari hakina nyama: ni mikate, dengu, mboga na wali, ili mtu wa dini yoyote aweze kula bila kusita. Kwa hiyo jiko hili tangu mwanzo halikuwa mahali pa kuwahurumia maskini. Lilikuwa mahali ambapo maskini na tajiri hawatofautishwi.

Mambo mengine mawili yalilikamilisha jiko. La kwanza ni desturi ya kila mtu kutoa sehemu ya kumi ya mapato yake kwa ajili ya jamii. La pili ni seva, yaani kazi ya kujitolea isiyo na ujira. Katika gurudwara, ambalo ndilo hekalu lao, daktari huosha vyombo, jaji hukanda unga, na mwanafunzi hupanga viatu vya wageni. Katika hekalu kuu la Amritsar jiko hulisha makumi ya maelfu ya watu kila siku, mwaka mzima. Tena kazi hizi za mikono huweza kuwa kubwa sana. Mwaka 1923, na tena mwaka 1973, bwawa takatifu la Amritsar lilikaushwa, umati wa watu ukazoa tope lake kwa makarai, kila mmoja akihesabu kuwa ni heshima kubeba karai moja.

Tumelieleza jiko kwa kirefu kwa sababu ndiyo siri ya yale yatakayofuata. Watu waliokwisha kuzoea kupikia maelfu, kutoa sehemu ya kumi, na kupokezana makarai ya tope, hawahitaji kufundishwa la kufanya siku mto unapovunja kingo zake.

Nchi ya Mito Mitano

Punjab ni neno la Kiajemi lenye maana ya maji matano, yaani mito ya Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Satluj, iteremkayo kutoka milima ya Himalaya. Nchi hiyo iligawanywa mwaka 1947 kati ya India na Pakistan, na maji yake pia yakagawanywa. Mvua kubwa hunyesha kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, zikiletwa na pepo za kusi, zile zile zilizokuwa zikisukuma majahazi ya pwani yetu kuelekea Bara Hindi.

Rutuba ya Punjab ni zawadi ya mito hiyo. Kila furiko la kale liliacha tope jipya, na juu ya tope hilo mkulima akapanda ngano na mpunga. Lakini mto ni jirani asiyesahau njia yake. Ili kuuzuia, wakulima na serikali walijenga matuta marefu ya udongo kandokando ya mito. Baadaye yakajengwa mabwawa makubwa: Bhakra katika mto Satluj, lililozinduliwa mwaka 1963, Pong katika mto Beas katika miaka ya 1970, na Ranjit Sagar katika mto Ravi, lililoanza kazi mwaka 2001.

Mabwawa haya yamepunguza mafuriko mengi, lakini yana tatizo lake. Bwawa hutakiwa lijae mwisho wa mvua ili pawe na maji ya kumwagilia na ya kufulia umeme wakati wa kiangazi. Iwapo mvua kubwa ya ghafla itanyesha wakati bwawa limekwisha karibia kujaa, hapana nafasi ya kuipokea, na wasimamizi hulazimika kufungua milango huku vijiji vya chini vikiwa tayari vimelowa. Hali ya namna hiyo ilitokea Septemba 1988, maelfu ya vijiji yakazama, na mabishano juu ya usimamizi wa mabwawa yakaanza. Mafuriko mengine yalitokea mwaka 2019 na mwaka 2023, na hatimaye yakaja yale ya mwaka 2025, ambayo wengi waliyahesabu kuwa makubwa kupita yote tangu 1988.

Mwaka 2025: Jiko Latoka Nje

Mwezi Agosti 2025 mvua kubwa zilinyesha katika milima ya Himachal Pradesh na Jammu, na mito ya Ravi, Beas na Satluj ikafurika kwa pamoja. Tarehe 27 Agosti milango ya banio la Madhopur katika mto Ravi ilivunjika. Matuta yakabomoka mahali pengi. Mwanzoni mwa Septemba serikali ya jimbo ilitangaza kwamba wilaya zote 23 za Punjab ya India zimekumbwa na maafa, na wilaya ya Gurdaspur ikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Watu zaidi ya 50 walipoteza maisha. Vijiji vipatavyo 2,000 viliathirika, na zaidi ya hekta 170,000 za mazao ziliharibika, sehemu kubwa ikiwa mpunga uliobakiza majuma machache kuvunwa. Upande wa Pakistan hali ilikuwa mbaya vile vile. Hata gurudwara la Kartarpur, mahali pale pale ambapo Nanak alilima na kuanzisha jiko lake, lilizama katika maji ya mto Ravi, na watu waliokuwamo wakaokolewa kwa mashua.

Jeshi na vikosi vya serikali vilifanya kazi ya kuokoa kwa mashua na helikopta. Lakini katika vijiji vingi wa kwanza kufika walikuwa majirani wenye matrekta. Trekta la Punjab lina magurudumu marefu na huvuta trela kubwa, hivyo huweza kupita penye maji yanayomzuia dereva wa gari. Katika trela hizo vilipakiwa vyakula vilivyopikwa katika majiko ya gurudwara, maji ya kunywa, dawa na maturubai. Wakati wa kurudi, zikapakia wazee, watoto na ndama. Wengi wa vijana waliozungusha trela hizo walikuwa na uzoefu wa karibuni, kwa maana kati ya Novemba 2020 na Desemba 2021 wakulima wa Punjab na majimbo jirani walipiga kambi kwenye malango ya Delhi kupinga sheria tatu za kilimo, na kwa muda wa mwaka mzima walilala katika trela na kula katika langari za barabarani.

Vyama vya hisani navyo vilishiriki. Kimojawapo ni Khalsa Aid, kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1999 wakati wa vita vya Kosovo, ambacho kabla ya hapo kilikuwa kimewasaidia wanavijiji wa Kiingereza huko Somerset walipofurikiwa mwaka 2014, na watu wa Kerala kusini mwa India mwaka 2018. Wala msaada haukuwa wa Makalasinga peke yao. Waislamu wa Mewat katika jimbo la Haryana, wengi wao wakiwa wakulima wa hali ya chini, walichanga nafaka, nguo na fedha, wakapeleka kwa malori. Jiko lililoanzishwa ili kuvunja mipaka baina ya watu lilipopungukiwa, walilijaza watu wa upande wa pili wa mipaka hiyo.

Hata hivyo, tusiifanye habari hii kuwa ngano isiyo na dosari. Chakula kilikuja kwa wingi kuliko mpango wa kukigawa. Vijiji vilivyo karibu na barabara kuu vilipata zaidi ya haja, ilhali vilivyo mbali, ng'ambo ya maji, vilisubiri. Haukupita muda mrefu wanavijiji wakaanza kusema kwamba unga umetosha, na kwamba wanachohitaji sasa ni malisho ya nyati na ng'ombe, mafuta ya dizeli na mbegu. Maneno hayo yana hekima kubwa, nayo yatufikisha katika sehemu ngumu zaidi ya habari yetu.

Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wahenga wetu walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida twaifahamu methali hii kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini kwa mtu aliyekumbwa na mafuriko, jembe ndilo msaada wenyewe. Chakula humrudishia nguvu. Jembe humrudishia heshima.

Maji yalipopungua, wakulima waliyakuta mashamba yao yamefunikwa na mchanga na tope zito, mahali pengine kupita magoti. Chini ya India, mchanga wa mto ni mali inayosimamiwa na serikali kama madini, na mtu hawezi kuuchimba na kuuuza apendavyo. Mwezi Septemba 2025 serikali ya Punjab ilipitisha uamuzi uliojulikana kwa maneno mafupi ya Kipunjabi yenye maana kwamba mwenye shamba ndiye mwenye mchanga. Mkulima akaruhusiwa kuuondoa na kuuuza bila kibali cha uchimbaji. Serikali ikatangaza pia fidia ya rupia 20,000 kwa kila ekari ya mazao yaliyoharibika.

Lakini ruhusa haisogezi mchanga. Na muda ulikuwa mfupi, kwa sababu ngano ya Punjab hupandwa mwishoni mwa Oktoba na katika Novemba. Mkulima ambaye mpunga wake ulizama, kisha akachelewa kupanda ngano, hupoteza mwaka mzima, na mwaka mzima ni deni ambalo huenda likaimeza ardhi yake. Hapo ndipo seva ilipohama kutoka jikoni kwenda shambani. Matrekta yalitoka vijiji vilivyosalimika, hata wilaya za mbali, yakaja kusukuma mchanga na kusawazisha mashamba ya watu ambao wenye matrekta hawakuwajua. Waliokuwa wakichanga unga wakachanga dizeli na mbegu za ngano. Mchango wa namna hii haupigwi picha nzuri kama mtoto anayepewa mkate, lakini ndio uliotofautisha msaada na sadaka.

Vivyo hivyo kwa matuta. Tangu mwaka 2000 mtawa mmoja wa Kikalasinga, Balbir Singh Seechewal, amewaongoza watu wa kujitolea kuusafisha mto mdogo wa Kali Bein, wenye urefu wa kiasi cha kilomita 160, uliokuwa umegeuka mfereji wa uchafu. Matuta ya mto Satluj yalipobomoka mwaka 2019 na 2023, watu hao hao walishirikiana na wanavijiji kuyaziba. Watu hujipanga mstari mrefu na kupokezana magunia yaliyojazwa udongo, kisha magunia hufungwa katika nyavu za waya na kuteremshwa mahali palipobomoka, mpaka mkondo wa maji ushindwe kuyazoa. Hii ni kazi ya ujima kwa maana yake halisi, na aliyezoea kubeba karai la tope huko Amritsar haioni kuwa ngeni.

Mipaka ya Ukarimu

Yatubidi sasa tuulize maswali mawili ambayo mwanafunzi wa historia hana budi kuyauliza.

Swali la kwanza: je, watu wakiweza kuziba tuta kwa mikono yao, serikali ibaki na kazi gani? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa tuta huonekana miezi mingi kabla ya mvua, na kuukarabati ni kazi ya wenye bajeti na wahandisi. Aidha, hakuna kijiji kinachoweza kuamua lini milango ya bwawa ifunguliwe. Kujitolea kwa wananchi hakupaswi kuwa pazia la kuficha uzembe wa wenye dhamana. Wanavijiji wa Punjab wenyewe wamelisema hili mara kwa mara, wakiwa bado wameshika magunia mikononi.

Swali la pili ni zito zaidi. Fidia hupimwa kwa ekari, na mchanga ni wa mwenye shamba. Basi, yule asiye na shamba apate nini? Katika vijiji vya Punjab wamo vibarua wengi wasiomiliki ardhi, aghalabu wa matabaka yaliyodharauliwa tangu kale. Furiko likizamisha mpunga, kibarua hupoteza ujira wa kuuvuna, na mara nyingi nyumba yake hafifu huanguka kwanza kwa kuwa imejengwa bondeni. Dini ya Nanak ilikataa utabaka, lakini utabaka haukufa wote. Hata leo vipo vijiji vyenye gurudwara mbalimbali kwa matabaka mbalimbali. Katika safu ya langari kibarua na mwenye ekari 50 huketi sawa. Wakishainuka, kila mmoja hurudi alikotoka. Jiko limetimiza wajibu wake kwa muda wa mlo mmoja. Kuuendeleza usawa huo hadi katika daftari la fidia ni kazi ambayo bado haijakamilika.

Hitimisho

Twaona basi kwamba utamaduni si ngoma, mavazi na nyimbo peke yake. Utamaduni ni pia namna watu walivyojizoeza kutenda pamoja, kiasi kwamba siku ya shida mikono huanza kazi kabla ya hotuba. Makalasinga hawakulianzisha jiko lao kwa ajili ya mafuriko. Waliliwasha ukingoni mwa mto, katika siku za kawaida, kwa ajili ya watu wa kawaida, na wakaendelea kulichochea kwa zaidi ya miaka 500. Ndiyo maana lilikuwa tayari.

Walimu wanaweza kuwauliza wanafunzi wao: katika kijiji chetu, katika mtaa wetu, ni desturi gani ya kufanya kazi pamoja tunayoitunza siku za neema? Na ikiwa ipo, je, ndani yake yule asiye na shamba huhesabiwa sawa na mwenye shamba? Yafaa maswali hayo yajibiwe sasa, wakati mto ungali katika kingo zake.